Vichezeo vya pamoja katika wodi ya watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na makundi matatu: akina mama wanaouguza watoto wao, wauguzi wanaohamia wodi ya watoto kutoka wodi nyingine, na watu wema wanaofika mlangoni wamebeba mfuko wa midoli. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu wodini, nikiwa na hospitali zetu akilini, zile ambazo kitanda kimoja huweza kulaza watoto wawili na bomba la maji lina siku zake za kutoa na za kugoma.

Kichezeo kina shida gani? Si plastiki tu?

Tatizo ni safari kinayosafiri. Mtoto anayeharisha anakitia mdomoni, kinamponyoka, kinaanguka sakafuni. Mama wa kitanda cha jirani anakiokota, anakifuta kwa pindo la khanga, anampa mwanawe anyamaze. Naye anakitia mdomoni. Kipimajoto kingepita mikono hiyo na midomo hiyo tungekifuta kwa spiriti kila mara na hakuna ambaye angeuliza kwa nini. Kichezeo hakuna anayekihesabu kuwa ni kifaa cha wodi, ndiyo maana hakiandikwi kwenye ratiba yoyote ya usafi.

Ni wadudu gani hasa wanaokaa humo?

Wengi ni wale wa kawaida wa ngozi na mate, ambao mtoto mwenye afya hawamdhuru. Wanaotutia wasiwasi wodini ni wachache: Staphylococcus aureus anayekaa puani na kwenye majipu, Klebsiella na E. coli wanaotoka tumboni kwa njia ya kinyesi na mikono, na Pseudomonas aeruginosa anayependa kila kitu kilichotuama maji. Hao wa hospitalini wana ubaya wa ziada: wameishi na antibiotiki kwa muda mrefu, na wengi wameshakuwa sugu.

Watu hudhani mdudu akikauka amekufa. Mwaka 2006 wataalamu wa Ujerumani walikusanya tafiti zilizopima muda ambao vimelea huishi juu ya vitu vikavu. Staphylococcus aureus alionekana kuishi kuanzia siku 7 hadi miezi 7. Acinetobacter, bakteria mwingine wa hospitalini, siku 3 hadi miezi 5. Virusi vya rota, siku 6 hadi 60. Namba za juu ni za maabara, katika mazingira yanayowafaa, lakini hata ukichukua zile za chini, mtoto anaruhusiwa leo na mwingine anapewa kitanda kile jioni ile ile.

Imewahi kuthibitika kwamba kichezeo kimemwambukiza mtoto hospitalini?

Ndiyo. Tukio linalotajwa zaidi ni la Melbourne, Australia, lililochapishwa mwaka 1998. Katika wodi ya watoto wenye saratani, mtoto mmoja baada ya mwingine alianza kuugua kwa Pseudomonas sugu kwa dawa nyingi. Walitafuta chanzo kila mahali, hadi wakafika kwenye sanduku la midoli ya kuogea, ile ya mpira yenye tundu, inayonyonya maji na kuyarusha. Vimelea vilipatikana ndani ya midoli na kwenye maji yaliyotuama chini ya sanduku. Walipolinganisha vinasaba vya bakteria hao na wale waliotoka kwa wagonjwa, vilikuwa vile vile. Huo ndio ushahidi wenye nguvu, kwa sababu haukuishia kusema kwamba jina la bakteria linafanana.

Utafiti mwingine wa Australia, wa mwaka 2000, unatajwa sana na mara nyingi unatajwa vibaya. Ulipima vichezeo 34 vilivyowekwa kwenye vitanda vya watoto wachanga 19 walio mahututi. Sampuli 86 zilichukuliwa, na 84 kati yake ziliota bakteria. Watoto wanane walipata bakteria kwenye damu, na kwa watano kati yao aina ya bakteria ilikuwa sawa na ya kichezeo chao. Ukisikia mtu anasema utafiti huo umethibitisha kwamba vichezeo viliwaua watoto, mkatalie. Kufanana kwa aina hakusemi nani alimpa mwenzake. Yawezekana mtoto ndiye aliyekichafua kichezeo, au mkono wa muuguzi ulivichafua vyote viwili. Unachoonyesha bila ubishi ni kwamba ndani ya wiki chache karibu kila kichezeo cha kitandani huwa na wadudu.

Na huku kwetu?

Tunao ushahidi mzito kuhusu maambukizi ya hospitalini kwa ujumla. Katika hospitali ya Kilifi, Pwani ya Kenya, watafiti walifuatilia watoto waliolazwa kati ya 2002 na 2009. Kwa kila watoto 1,000 waliolazwa, karibu 6 walipata bakteria kwenye damu wakiwa tayari wodini. Ni wachache, lakini zaidi ya nusu yao, asilimia 53, walifariki. Kwa watoto waliokuja na bakteria kwenye damu kutoka nyumbani, vifo vilikuwa asilimia 24. Na katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, utafiti wa 2001 na 2002 ulionyesha kwamba usugu wa bakteria kwa dawa uliongeza sana uwezekano wa mtoto kufa.

Tafiti hizo hazikuhusu vichezeo. Nazitaja kwa sababu ya jambo moja lililotoka Kilifi: watoto waliokuwa hatarini zaidi ni wenye utapiamlo mkali. Shika hilo, maana jibu linalofuata limesimama juu yake.

Basi si bora tuviondoe vyote? Wodi yetu ilishafanya hivyo na hakuna aliyelalamika.

Mtoto wa miaka miwili halalamiki kwa barua. Ananyamaza, anageukia ukutani, anaacha kula. Huyo ndiye mgonjwa "mtulivu" ambaye tunamsifia wakati wa raundi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu utapiamlo mkali una hatua kumi. Ya kwanza ni sukari ya damu, ya pili baridi ya mwili, ya tatu upungufu wa maji. Hatua ya tisa ni kumchangamsha mtoto na kumpa upendo, na hapo wameandika waziwazi: mchezo uliopangwa, dakika 15 hadi 30 kila siku. Ubongo wa mtoto aliyekondeana umedumaa pamoja na mwili, na maziwa ya tiba ya F-75 na F-100 peke yake hayaurudishi. Mwongozo huo unafundisha hata jinsi ya kutengeneza vichezeo kwa vitu vya bure: kayamba ya chupa ndogo ya plastiki iliyojazwa vipande vya plastiki vya rangi, ngoma ya kopo lenye mfuniko, chupa pana ya kutumbukizia vijiti, vigurudumu vya kuviringia uzi vilivyotungwa kwenye kamba.

Sasa unganisha na Kilifi. Mtoto ambaye kichezeo ni sehemu ya matibabu yake ndiye yule yule ambaye bakteria wa wodini watamwangusha kwanza. Huwezi kumnyima kichezeo, na huwezi kumpa kichafu. Kwangu mimi mjadala wa kuondoa au kutoondoa unaishia hapo. Hatuondoi vipima mapigo kwa sababu vimegusa kifua cha mwenye nimonia, tunavisafisha.

Ni vichezeo gani vinafaa kushirikiwa?

Vigumu, vya plastiki laini usoni, visivyo na tundu, mshono wala nywele, vinavyoweza kuzamishwa ndani ya ndoo bila kuharibika. Matofali ya plastiki, vikombe vya kupanga kimoja ndani ya kingine, pete, magari makubwa ya plastiki yasiyo na betri, kayamba ile ya chupa kama mfuniko umegandishwa kwa gundi na hauingizi maji.

Midoli ya manyoya isishirikiwe. Hili si maoni yangu peke yangu. Huko Christchurch, New Zealand, walipima vichezeo vya vyumba vya kusubiria daktari na kuchapisha matokeo mwaka 2002: midoli laini 9 kati ya kila 10 ilikuwa na bakteria wa wastani hadi wengi, ilhali hakuna kichezeo kigumu hata kimoja kilichokuwa na uchafu mkubwa. Tena midoli laini ilipooshwa, ilichafuka upya haraka.

Vichezeo vya kurusha maji, hapana kabisa, hata vikiwa vipya, hata vikitolewa na mheshimiwa mbele ya kamera. Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi na Marekani walipasua bata wa mpira waliotumika majumbani na kukuta utando wa bakteria na ukungu ndani yake, seli kati ya milioni 5 na milioni 75 kwa kila sentimita ya mraba. Ndani ya bata huyo huwezi kufikisha sabuni wala brashi.

Mbao hunyonya. Kichezeo cha mbao kinafaa ikiwa rangi yake ya mafuta bado nzima. Ikianza kubanduka, kitoke. Vitabu vyenye kurasa ngumu zilizofunikwa plastiki hufutika. Vitabu vya karatasi si hatari kubwa vikiwa vikavu, lakini kilichotapikiwa hakifutwi, kinatupwa. Kalamu za rangi mpe mtoto ziwe zake, aondoke nazo.

Mwanangu halali bila mdoli wake wa manyoya aliokuja nao. Mnamnyang'anya?

Hapana, mama. Huo ni wake na una kazi kubwa kuliko unavyodhani, hasa usiku wa kwanza. Uandike jina, ukae kitandani kwake, usizunguke vitanda vingine, na usiruhusu uguse sakafu. Ufue kwa sabuni kabla ya kuja ikiwezekana, na ukichafuka kwa kinyesi, matapishi au damu, nenda nao ukafuliwe kwa maji ya moto na kukaushwa mpaka ndani.

Usitarajie kwamba utabaki safi kwa sababu ni wa mtoto mmoja. Mwaka 1986 madaktari wa Memphis, Marekani, waliwapa wagonjwa watoto dubu wa kuchezea waliotakaswa kwanza. Wiki moja baadaye dubu wote walikuwa na bakteria, ukungu, au vyote viwili. Tofauti ni kwamba wadudu wa mdoli wako wengi ni wa mwanao mwenyewe, na hilo mwili wake unalimudu vizuri zaidi kuliko wadudu wa kitanda namba saba.

Isipokuwa watoto wachache: aliye kwenye dawa za saratani na chembe nyeupe za damu zimeshuka, aliyeungua moto, na mtoto njiti. Kwa hao tutakuomba uurudishe nyumbani na tutakueleza sababu. Najua inauma, na mchelea mwana kulia hulia yeye.

Vinasafishwaje? Nieleze hatua kwa hatua, na kwa vitu tulivyonavyo.

Unahitaji mabeseni mawili, sabuni ya kawaida, brashi ndogo, Jik au klorini nyingine, na mahali pa kukaushia. Mashine si lazima.

Kwanza sabuni. Osha kwa maji na sabuni, sugua kwenye pembe na maandishi yaliyochongwa, suuza. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote. Klorini ikikutana na mate yaliyokauka, uji au kinyesi, nguvu yake inaishia kwenye uchafu kabla haijamfikia mdudu. Kuzamisha kichezeo kichafu ndani ya Jik ni kupoteza Jik.

Kisha klorini ya asilimia 0.1. Ikiwa chupa yako imeandikwa asilimia 3.5, chukua sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 34 za maji. Kwa vipimo vya jikoni, ni vijiko viwili vya chakula, yaani mililita 30, kwa lita moja ya maji. Ndoo ya lita 10 inataka mililita 300. Soma lebo kila unapofungua chupa mpya, kwa sababu viwanda havilingani na zipo zenye asilimia 5. Hiyo inataka sehemu 1 kwa 49. Zamisha kichezeo chote, kisielee, kwa dakika 10.

Halafu suuza kwa maji safi, kwa sababu kitarudi mdomoni. Hapa nimeona wodi ikisafisha vizuri kisha ikasuuza kwa maji ya ndoo ya kudekia. Maji ya kusuuzia yawe yale unayoweza kumpa mtoto anywe.

Mwisho kausha kabisa, kwenye chekeche au wavu, si juu ya taulo moja iliyotandikwa tangu asubuhi. Kichezeo kilichowekwa kabatini kikiwa na unyevu ni karamu ya Pseudomonas.

Mchanganyiko wa klorini utengeneze kila siku, uufunike, uuweke mbali na jua. Mchanganyiko uliolala unapoteza nguvu. Vaa glovu. Usichanganye Jik na siki, na dawa ya choo yenye tindikali, wala na amonia. Hewa inayotoka inaunguza mapafu, na wodini kwetu wapo ambao mapafu yao yameshachoka.

Kichezeo kilichopata damu kwanza kitolewe mbele ya watoto, damu ifutwe kwa kitambaa cha kutupwa, kioshwe kwa sabuni, kisha kizamishwe kwenye klorini ya asilimia 0.5, yaani sehemu 1 kwa 6 kwa chupa ya asilimia 3.5. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi juu ya kitu kikavu kwa siku 7.

Spiriti haitoshi?

Kwa vitu visivyozamishwa, kama kichezeo chenye betri, spiriti ya asilimia 70 kwenye kitambaa inafaa, baada ya uchafu kuondolewa. Kwa mlipuko wa kuharisha isitegemewe: virusi vya noro vinaistahimili, na mbegu za bakteria wa kuharisha aitwaye Clostridioides difficile hazijali spiriti hata kidogo.

Na jua? Bibi zetu walianika kila kitu.

Waliona mbali. Jua linakausha, na miale yake inaua wadudu walio upande unaopigwa. Haifiki kwenye mkunjo, mshono wala upande wa chini. Anika, lakini baada ya kuosha.

Mara ngapi?

Mwongozo wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, unasema vichezeo vikubwa visivyohamishwa visafishwe angalau mara moja kwa wiki na kila vinapoonekana vichafu. Kwa wodi yenye nafasi na mtoto mmoja kwa kitanda, sawa. Kwa wodi zetu naona wiki ni mbali mno. Kilichotiwa mdomoni kisiende kwa mtoto wa pili bila kuoshwa. Vingine vyote vioshwe kila jioni baada ya muda wa mchezo. Ili hilo liwezekane, vichezeo viwe vichache. Kumi vinavyooshwa ni bora kuliko mia vilivyolundikwa kwenye boksi la kona, lile ambalo chini yake kuna kipande cha andazi cha tangu masika.

Mbinu inayookoa mabishano ni ndoo mbili zenye mifuniko: moja imeandikwa SAFI, nyingine VIMETUMIKA. Kichezeo kikishatoka mkononi mwa mtoto hakirudi kwenye SAFI bila kupitia beseni. Hata mama aliyefika asubuhi hiyo anaelewa bila kuelekezwa.

Ni kazi ya nani? Wafanya usafi wanasema si yao, na wauguzi tuko wawili kwa watoto arobaini.

Swali hili ndilo linaloangusha mipango yote. Mkataba wa kampuni ya usafi hutaja sakafu, vyoo, madirisha na taka; vichezeo havimo. Muuguzi ana sindano za saa kumi na mbili, dripu na taarifa za zamu. Matokeo yake kila mmoja anaamini mwenzake ameosha.

Kwa maoni yangu kazi iandikwe kwa jina la mtu mmoja kwa kila zamu, kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na sahihi yake. Awe mhudumu wa afya. Akina mama waombwe kusaidia kuosha, na wengi hufurahi kupata la kufanya, lakini wasiachiwe kuchanganya klorini. Pale mkataba wa usafi unapofanywa upya, muuguzi mkuu wa wodi adai mstari mmoja unaotaja vichezeo. Mstari mmoja tu.

Mbona hamsemi chochote kuhusu simu?

Nilikuwa nakuja. Kichezeo kinachoshirikiwa kuliko vyote katika wodi za leo ni simu ya mama. Katuni zinawekwa, vichwa vitatu vinakusanyika kitandani, vidole vyenye uji vinapita juu ya kioo, kisha simu inaenda sikioni kwa mama, inaenda chooni, inawekwa karibu na kanula, ule mrija ulioingizwa kwenye mshipa wa mtoto. Simu hiyo hatuwezi kuiingiza kwenye ndoo, wala hatutaki kuikataza, kwa sababu mtoto anayechomwa sindano anaihitaji.

Toa kava, izime, futa kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo, kava lioshwe kwa sabuni. Fanya hivyo jioni na kila ilipopita kwa mtoto wa jirani. Na mama anawe mikono baada ya kuishika kabla ya kulisha. Mkono ndio unaobeba wadudu kutoka kila kichezeo nilichotaja humu.

Nesi alimpulizia mwanangu glovu ikawa puto. Ni salama?

Karibu kila mmoja wetu amefanya hivyo, na machozi hukauka papo hapo. Ila glovu iliyopulizwa kwa mdomo ina mate ya nesi, ikipasuka kipande chake kinaweza kuziba koo la mtoto mdogo, na wapo watoto wanaodhurika na mpira wa glovu hizo. Kwa aliye chini ya miaka minane, itafutwe njia nyingine ya kumbembeleza. Kamwe isiwe glovu iliyokwisha kutumika.

Mabomba ya sindano bila sindano yanapendwa kwa kurushia maji. Jipya kutoka kwenye pakiti, kwa mtoto mmoja, siku moja, halina tatizo. Hata linamsaidia kuzoea kile anachokiogopa. Lililookotwa karibu na kisanduku cha usalama cha kutupia sindano ni hatari ambayo haihitaji maelezo. Vifuniko vidogo vya sindano visiachwe vitandani, vinamezwa.

Chupa za dripu ni habari ya peke yake. Watoto wakubwa wanazikata na kuzigeuza magari, magurudumu ya vifuniko, kamba ya bandeji, na ufundi wake nausifu. Zitoke kwenye ndoo ya taka za kawaida tu, zisiwe na damu, na zioshwe ndani. Mabaki ya dextrose ni maji ya sukari, na Klebsiella hustawi humo bila kualikwa.

Mtoto wa jirani ana VVU. Je, wanangu wacheze naye vichezeo vile vile?

Wacheze. VVU haviambukizwi kwa mate wala kwa kushika kichezeo. Damu ikionekana, fanya kama nilivyoeleza hapo juu, kwa mtoto yeyote, maana hujui nani ana nini. Tena hali ya mtoto yeyote si habari ya kitanda cha pili, aliyekuambia amekosea.

Kifua kikuu nacho husafiri kwa hewa, si kwa kichezeo. Surua pia ni ya hewa hasa, na virusi vyake huweza kubaki chumbani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka, kwa hiyo mtoto mwenye surua haji kwenye kona ya michezo hata vichezeo viwe safi namna gani.

Mtoto yuko chumba cha kutengwa. Acheze nini?

Huyo ndiye anayehitaji zaidi, kwa kuwa hana hata wenzake wa kuwatazama. Vichezeo viingie vichache, vigumu, na visitoke mpaka yeye atoke. Siku hiyo vioshwe na kutakaswa kabla ya kurudi kwenye ndoo ya SAFI. Vya karatasi aende navyo au vichomwe pamoja na taka za chumba hicho.

Tuvipeleke maabara kila mwezi kupima bakteria?

Hapana. Utawakuta bakteria, na utakuwa umetumia fedha kujua ulichokijua. Kupima bila sababu maalumu hakushauriwi. Maabara itumike pale watoto wawili watatu wanapoanza kuugua kwa bakteria wa aina moja ndani ya muda mfupi. Hapo chukua sampuli za vichezeo pamoja na sinki, chupa za dawa zilizofunguliwa na mikono ya watumishi. Melbourne waliwapata bakteria kwenye sanduku la midoli kwa sababu walikuwa wanatafuta chanzo cha ugonjwa uliokwisha kuonekana.

Mtoto amefariki na vichezeo vyake vimebaki. Tufanye nini?

Vyake binafsi vioshwe, vikaushwe, vifungwe, apewe mama au baba akivitaka. Asikabidhiwe ndani ya mfuko wa taka. Akisema wapewe watoto wengine, vigumu vipokelewe na kutakaswa kama vingine. Vya manyoya mwombe kwa upole avichukue.

Nataka kuwaletea watoto zawadi. Nilete nini?

Asante mapema. Usilete midoli ya manyoya iliyotumika, bata wa maji, wala vitu vyenye vipande vidogo kuliko ngumi ya mtoto. Piga simu kwanza umuulize muuguzi mkuu wa wodi, kwa sababu idadi ya watoto na umri wao hubadilika kila wiki. Vichezeo vigumu vya plastiki vinavyoweza kuzamishwa majini vinakaribishwa, kalamu za rangi na madaftari ya kuchorea yanayotosha kila mtoto kuwa na lake, na vitabu vya Kiswahili vya kurasa ngumu, maana vingi tunavyoletewa ni vya lugha ambayo mtoto wa miaka mitatu haielewi. Ukitaka kuleta kitu ambacho hakuna mwingine atakayekileta, leta mabeseni mawili mapana, ndoo mbili zenye mifuniko, kikombe cha kupimia chenye alama za mililita na Jik ya kutosha miezi sita.